Bingo ya kuchangia maveterani na misaada ya mtaani: mwongozo kamili, kuanzia wazo mpaka hela ifike

Nianze na kitu ambacho watu wengi wanakiruka. Bingo yenyewe ni rahisi mno, unanunua kadi yenye namba, mwita namba anachomoa vipira kimoja kimoja, anayewahi kukamilisha umbo lililotangazwa kwenye kadi yake anasema bingo na kushinda, mtoto wa shule ya msingi anaielewa ndani ya dakika tano, kinachoshinda vikundi vingi sio mchezo, ni hela. Hela inaingia kidogo kidogo, noti chakavu na sarafu, inapita mikono ya watu sita saba, ukumbi una kelele, watu wamechoka, alafu mwisho wa usiku mtu anauliza jamani leo tumepata ngapi na yanakuja majibu matatu tofauti. Nimejitolea kwenye hizi shughuli miaka kadhaa sasa, nimeuza kadi, nimeita namba, sa hivi nakaa meza ya hela, na mwongozo huu nauandika nikiwa upande huo kwasababu huko ndo mwanajeshi mstaafu aliyeahidiwa kiti cha magurudumu anakipata au anakikosa.

Kabla ya yote, hela ni ya nani

Kaeni chini muandike sentensi moja. Nani atapewa, kwa ajili ya nini, na kwa mgao gani. "Kuwasaidia maveterani" haitoshi, hiyo ni bango tu. Sentensi inayofaa ni kama hivi: nusu ya kitakachobaki inalipia usafiri wa wanajeshi wastaafu wanaoenda kliniki, nusu inaenda kwa kituo kinachogawa chakula hapa mtaani. Mtu akiisoma anajua kabisa atawauliza nini baada ya miezi mitatu.

Na msiamue wenyewe mkiwa mmekaa kwenye kamati. Nendeni mkawaulize. Sisi mwanzoni tulidhani wanahitaji nguo na vyakula, tulipokaa nao wakasema paa linavuja, betri za vifaa vya kusikia zinaisha, mjane wa mwenzao hana nauli ya kwenda kufuatilia mafao. Hatukuwa tumewaza hata kimoja. Kama kuna chama cha wanajeshi wastaafu karibu yenu pitieni huko kwanza, mara nyingi wanajua nani ana shida lakini anaona aibu kusema. Alafu pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa kila taasisi mtakayoitaja kwenye tangazo, na kama ni mtu binafsi usiweke picha yake wala kusimulia yaliyomkuta vitani bila yeye mwenyewe kukubali, hata kama picha hiyo ingeleta watu wengi zaidi.

Kibali, usikwepe hapa

Bingo, tombola (kuchomoa tiketi zenye zawadi), droo ya tiketi, vyote hivi kisheria vinahesabiwa ni michezo ya bahati nasibu karibu kila mahali, nia njema haikuondoi kwenye sheria. Tofauti ni kubwa kati ya sehemu na sehemu. Marekani kila jimbo lina kanuni zake, na yapo majimbo, kama Utah na Hawaii, ambako hata bingo ya kuchangisha hairuhusiwi. Uingereza sheria ya kamari ya mwaka 2005 inaruhusu bahati nasibu ndogo za vikundi, yaani droo za tiketi, mnajisajili halmashauri, na angalau asilimia 20 ya mauzo lazima iende kwenye lengo mlilolitangaza. Kwahiyo kazi yako ya kwanza ni kwenda kwa mamlaka inayosimamia michezo ya kubahatisha unakoishi ukaulize mambo haya: nani anaruhusiwa kuendesha, umri wa chini wa mchezaji, kikomo cha zawadi, mara ngapi kwa mwaka, kumbukumbu zitunzwe muda gani, na je kufanya mtandaoni kunahesabiwa tofauti, maana mara nyingi kunahesabiwa tofauti kabisa.

Ulizia pia kodi. Mfano mzuri wa kwanini ujitoleaji una maana hata kwenye karatasi: sheria ya kodi ya Marekani inazitambua shughuli ambazo karibu kazi yote inafanywa na watu wasiolipwa, na bingo halali ina kipengele chake, ila ili ihesabike ni bingo lazima dau liwekwe, mshindi apatikane na zawadi itolewe palepale mbele ya wachezaji wote. Ukimlipa mwita namba "kitu kidogo" unaweza ukawa umebadilisha hadhi ya shughuli nzima bila kujua. Kwahiyo hapa usibahatishe, ulizia kwa maandishi na majibu yatunze kwenye faili.

Timu

Kwa ukumbi wa watu kama 80 mpaka 100, watu nane wanatosha: wawili wanauza kadi mlangoni, mmoja anaita namba, wawili wanazunguka kuhakiki washindi, wawili meza ya hela, mmoja wa akiba anayeziba pengo pale mtu anapoenda msalani au kuna mzee anahitaji kusaidiwa ngazi. Ukiwa na watu watano usiku unaenda lakini meza ya hela inabaki na mtu mmoja, na hiyo usikubali hata kama huyo mtu ni mchungaji au ni mama yako mzazi. Sio kwamba humwamini, unamlinda, siku hesabu ikipungua mtu aliyekuwa peke yake hana wa kumtetea.

Anayefanya kazi usiku huo hachezi. Wala hapokei bakshishi toka kwa mshindi. Tulikuwa na mwenzetu mmoja mtu mwema sana, akauza kadi saa moja alafu akakaa kucheza, akashinda ya kwanza tu, na alishinda kihalali kabisa ila minong'ono ya usiku ule ilitugharimu wachezaji karibu nusu mwaka.

Kadi na vifaa

Chagueni mfumo mmoja mbaki nao. Wa vipira 75 kadi yake ni miraba mitano kwa mitano, katikati ni bure, nguzo ya herufi B inabeba 1 mpaka 15, I 16 mpaka 30, N 31 mpaka 45, G 46 mpaka 60, O 61 mpaka 75. Wa vipira 90, uliozoeleka zaidi Uingereza, tiketi ina mistari mitatu na nguzo tisa, namba 15 tu, tano kila mstari, na shiti moja ya tiketi sita inabeba namba zote 1 mpaka 90 bila kujirudia. Wa 75 una faida ya maumbo mengi (mstari, kona nne, msalaba, kadi nzima), wa 90 unaenda kwa mwendo mmoja, mstari mmoja, miwili, nyumba nzima yaani namba zote 15. Kwa kikundi kipya mimi napendekeza 75.

Kadi nunueni zilizochapwa zenye namba za mfululizo, au mkichapa wenyewe tumieni programu inayohakikisha hakuna kadi mbili zinazofanana. Hili tatizo ni la tangu zamani, inasimuliwa kwamba Edwin Lowe, aliyeusambaza mchezo huu Marekani kuanzia 1929, alifuatwa na padri wa Wilkes-Barre huko Pennsylvania aliyekuwa anatumia bingo kuchangisha parokiani, analalamika kadi ni chache mno kila mchezo wanatokea washindi kibao, ikabidi Lowe amtafute profesa wa hisabati Carl Leffler ampangie kadi 6,000 tofauti. Kwahiyo ukichapa kadi 30 ukazitoa kopi mara tano ujue unarudia kosa la karibu miaka mia.

Vingine: kizimba cha kuzungusha vipira au mashine ya kupuliza, trei ya kupanga vilivyotoka, ubao mkubwa au projekta inayoonyesha namba, maiki na spika nzuri, kalamu nene za wino. Hesabuni vipira mbele za watu kabla ya kuanza, vyote 75, mmojawapo wa wachezaji aje aangalie. Dakika mbili tu, na hakuna atakayesema 42 haikuwemo.

Zawadi, hapa ndo vikundi vinapozama

Kosa ninaloliona sana ni kutangaza zawadi kubwa ya kiasi maalum kabla ya kujua watakuja wangapi. Mvua inanyesha, wanakuja 25, zawadi iko palepale kwenye tangazo, mnamaliza usiku mkiwa mmeingia mfukoni kuwalipa washindi na maveterani hawapati kitu.

Njia salama kwa miezi ya mwanzo ni zawadi ya asilimia. Mnatangaza kwamba nusu ya mauzo ya kila raundi ndo zawadi ya raundi hiyo. Wakija wachache zawadi ndogo, wakija wengi kubwa, zawadi haiwezi kuwatia hasara. Fikiria kila 100 inayoingia: 50 zawadi, ukumbi na kadi na vifaa mfano 20, inabaki 30 ya kupeleka. Sasa pata ukumbi wa bure, 30 inakuwa karibu 45. Pata na zawadi za kuchangiwa na wafanyabiashara badala ya fedha, unavuka 80. Ndo maana nawaambia watu nguvu nyingi ielekezwe kuomba ukumbi na zawadi, kutafuta wachezaji wapya kunachosha zaidi na kunaleta kidogo zaidi. Ila usiende kuomba mikono mitupu, nenda na ile sentensi yenu na kopi ya kibali, na waahidi jina lao litasomwa kwenye maiki, alafu kweli lisomwe.

Jakpoti ya kadi nzima, yaani zawadi ya anayejaza kadi yote kabla namba zilizoitwa hazijapita kikomo mlichoweka, ni tamu maana isipotoka inakua kila wiki watu wanaifuatilia, ila ijueni hesabu yake. Kwenye vipira 75, kadi moja kujaa yote ndani ya namba 50 za kwanza ni nafasi 1 kati ya kama 212,000. Ndani ya namba 55 ni 1 kati ya kama 10,400. Ndani ya namba 60 ni 1 kati ya kama 715. Ukiwa na kadi 300 ukumbini, kikomo cha 50 kinamaanisha mshindi karibu mara moja kwa kila usiku 700, cha 55 kama mara moja kwa usiku 35, cha 60 karibu usiku mmoja kati ya mitatu. Tofauti ya namba tano tu! Kwahiyo anzeni na 50 mkiongeza namba moja kila wiki isipotoka, na sehemu ya mauzo iingie kwenye mfuko wa jakpoti ambao upo kweli benki. Jakpoti ambayo hela yake haipo ni utapeli hata kama nia ilikuwa njema. Na kikomo kinapanda vipi kiandikwe ukutani, sio kwenye kichwa cha mwenyekiti.

Pembeni ya bingo wekeni droo ya nusu kwa nusu wakati wa mapumziko, tiketi za roli zenye namba za mfululizo, mshindi anachukua nusu ya kilichouzwa, nusu inaenda kwenye mfuko. Haihitaji mtaji wowote. Hakikisheni tu kibali chenu kinaigusa maana sehemu nyingine inahesabiwa ni mchezo mwingine.

Usiku wenyewe

Milango ifunguliwe saa nzima kabla. Uuzaji wa kadi ufungwe kabla ya kipira cha kwanza na usifunguliwe tena kwa raundi hiyo, hata aje nani. Kila mchezo ukiita namba moja kila sekunde 10 hadi 12, hata vipira vyote 75 vikitoka ni dakika 15 hivi, na kwa ukumbi uliojaa mstari unatoka mapema zaidi, kwahiyo michezo minane mpaka kumi na mapumziko mawili inawatoa watu kwa muda wa saa mbili na nusu. Zaidi ya hapo wazee wanachoka.

Kabla ya kuanza someni sheria kwa sauti: umbo linalotafutwa, wakishinda wawili kwa namba moja wanagawana, lazima useme bingo kabla namba inayofuata haijaitwa, uamuzi wa mhakiki ndo wa mwisho. Mwita namba aseme herufi, namba, alafu tarakimu mojamoja: "G, hamsini na tatu, tano tatu." Namba iandikwe ubaoni kabla ya kipira kingine kuguswa.

Mtu akipiga kelele bingo, SIMAMISHA, ila usifute chochote. Mhakiki anafika mezani, anasoma namba ya mfululizo ya kadi kwa sauti, anasoma namba za umbo mojamoja, mwita namba anahakiki kwenye trei. Ikikubali, uliza "kuna mwingine?" usubiri kidogo, ndo utangaze. Ikikataa, sema kwa upole tu tunaendelea, mchezo unaendelea palepale ulipoishia. Sio kumdhalilisha mtu, mara nyingi ni macho tu au namba aliisikia vibaya.

Kama maveterani wenyewe wapo ukumbini

Na wawepo, waalikwe waje kama wenyeji, msiishie kuwafanya wa kuonewa huruma. Wengi wanapenda kuita namba na kusema kweli wanaita vizuri kuliko sisi.

Mlio masikioni na kupoteza usikivu ni kati ya matatizo yanayoripotiwa sana na wanajeshi wastaafu, milio ya silaha na injini za miaka mingi, kwahiyo ule ubao wa namba usiuone kama pambo, bila huo ubao unawatoa nje ya mchezo. Kadi zenye maandishi makubwa ziwepo. Njia ya kiti cha magurudumu iwe wazi mpaka mbele, sio mpaka mlangoni tu. Na jamani, maputo ya kupasua, fataki na ile milio ya ghafla ya kushangilia mshindi, acheni, kuna mtu ataruka kwenye kiti na usiku wake umeisha. Kuna watakaotaka kukaa mgongo ukiwa ukutani na mlango wanauona, waachieni hizo nafasi bila kuwauliza maswali.

Lingine zito kidogo. Kamari ni ugonjwa kwa baadhi ya watu, na kati ya waliopitia vita wapo wanaopambana nayo. Wekeni kikomo cha kadi kwa kila mtu, msiuze kwa mkopo kamwe, na mkiona mtu anatumia hela anayoonekana hana, mmoja wenu aende akakae naye, sio mbele za watu. Mtu asiyetaka kucheza apewe kazi ya kufanya au kiti cha kukaa tu, awe amekaribishwa vilevile. Hatuwezi kuchangisha kwa ajili ya maveterani huku tunammaliza mmoja wao kwenye meza ya nyuma.

Meza ya hela

Nimesema huku ndo kwetu, kwahiyo vumilieni nikae kidogo.

Kabla ya milango, watu wawili wanahesabu hela ya chenji ya kuanzia, wanaandika, wanasaini. Kila muuzaji anapewa kadi zilizohesabiwa na mfuko wake na chenji yake. Mfano muuzaji kapewa kadi 200, karudisha 37, basi kauza 163, zidisha kwa bei, jumlisha chenji aliyoanza nayo, hicho ndo kinatakiwa kiwe mfukoni. Tiketi za roli ni hivohivo, ya kwanza kuuzwa ilikuwa 401, inayofuata ambayo haijauzwa ni 656, toa, zimeuzwa 255. Usitoe 401 kwenye 655, utapata 254 na utatafuta tiketi moja usiku kucha, mimi nimeshaitafuta.

Ikipungua au ikizidi, andika ilivyo. Usijazie toka mfukoni ili hesabu ikae sawa! Pengo dogo lililoandikwa ni kitu cha kawaida, ila pengo lililofichwa litazaa lingine. Likiwa linajirudia kwa muuzaji yuleyule, mara nyingi shida ni kutoa chenji haraka haraka, mpunguzieni foleni kwanza kabla hamjamfikiria vibaya.

Malipo ya simu yaende kwenye namba ya kikundi tu, kamwe sio ya mtu, hata kwa usiku mmoja, hata kama mtandao unasumbua. Kila zawadi ya fedha mshindi anasaini: jina, kiasi, mchezo namba ngapi, na namba ya kadi. Kila matumizi yana risiti. Hakuna kulipa gharama kwa kuchomoa kwenye mfuko wa mauzo, ukishatoa zawadi za washindi mauzo yote yaliyobaki yaende benki yakiwa mazima, gharama zilipwe kutoka akaunti ambayo inahitaji saini mbili. Najua inachelewesha, najua mwenye spika anataka chake usiku uleule, mlipeni kwenye fungu dogo lililotengwa mapema.

Mwisho wa usiku fomu moja ya ukurasa mmoja: walioingia wangapi, kadi zilizouzwa, mauzo kwa kila mchezo, zawadi zilizotoka, kilichobaki, kilichopo mkononi, tofauti, saini mbili. Pigeni picha hiyo fomu papohapo kila mtu wa kamati awe nayo kabla hamjazima taa. Hela iende benki siku inayofuata na waende wawili.

Kupeleka

Msikae na hela mkisubiri ifike kiasi cha kupiga nacho picha. Kila mwezi, au kila mkishafanya usiku wa bingo mara nne, gaweni kwa ile sentensi ya mwanzo, kwa benki, na mpokeaji atoe risiti. Kwa msaada wa mtu mmojammoja, kama paa au kiti cha magurudumu, mlipeni fundi au muuzaji moja kwa moja, inamwondolea mveterani mzigo wa kuulizwa hela alifanyia nini.

Alafu usiku unaofuata wa bingo, kabla ya kipira cha kwanza, mtu wa meza ya hela asimame asome: mara ya mwisho tuliuza hiki, zawadi zilikuwa hizi, gharama hizi, tumepeleka hiki, kimenunua hiki, na fomu imebandikwa pale mlangoni. Inachukua dakika moja na nusu. Mara ya kwanza tulipofanya ukumbi ulinyamaza kabisa, alafu mzee mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono akauliza gharama ya spika mbona kubwa, na wiki iliyofuata akaja na spika zake.